Machicha Mwezi wa Ramadhani

Mimi pombe sijaionja hata siku moja, wallahi, lakini harufu yake naijua kuliko walevi wote wa Kigali. Kwa miaka mitatu ilikaa uani kwangu Biryogo asubuhi na jioni. Iliingia kwenye vitenge, kwenye nywele, hata kwenye wali. Wageni walikuwa wakifika wanavuta pua, halafu wananikazia macho usoni kutazama kama yangu ni mekundu. Nilikuwa nawaambia, "Hamjanikuta nimelala mtaroni, basi ingieni mkae."

Ilikuwa harufu ya machicha. Kiwandani wanapopika bia huloweka nafaka, huichemsha, hukamua maji yake matamu, na makapi yanayobaki ndiyo machicha. Wakubwa wa kiwanda waliyaita dreshi, kwa Kifaransa. Hutoka yakifuka moshi, rangi ya mkate uliolowa chai. Watu wengine walilishia ng'ombe, wengine nguruwe. Mimi nilinenepeshea kondoo.

Mume wangu, dereva wa lori, alifariki akaniachia watoto, cherehani na ua mrefu. Cherehani ilinishinda. Biryogo kila kibaraza kina fundi, na mimi mkono wangu mzito, suruali niliyoshona ilikuwa ikimvuta mtu upande kama anayetembea mlimani. Nikageukia ua. Nilikuwa nimeona jambo moja ambalo wenzangu walilipita tu: Wanyarwanda wengi wa mashambani hawali kondoo. Humfuga katikati ya ng'ombe kwa sababu ni mnyama mpole, wanasema anatuliza zizi, na mtu mzima kuonekana anatafuna nyama yake ilikuwa aibu. Lakini sisi Waislamu tunamtaka kwa akika, tunamtaka kwa Sikukuu ya Kuchinja. Basi wanakondoo waliokuwa wakizagaa Masaka na Gahanga bila mtu wa kuwatamani, mimi niliwaleta Biryogo wakiwa mbavu nje, nikawanenepesha.

Kazi yenyewe ina adabu yake. Mwanakondoo ukimpa machicha mengi siku ya kwanza, tumbo litavimba ngoma na jioni utachimba shimo. Unaanza na konzi moja, umechanganya na pumba na chumvi kidogo, na majani makavu pembeni ili apate cha kucheua. Unaongeza polepole. Machicha yenyewe unayakamua kwanza kwenye kikapu, maana yakikaa siku ya tatu na maji yake yanachacha na kuwa sumu. Baada ya miezi miwili unapitisha kiganja mgongoni: mifupa uliyokuwa unaihesabu huioni tena, na shina la mkia limejaa. Wanakondoo wangu wa miezi saba walionekana wa mwaka mzima. Nilijisifu, siwezi kusema uongo. Nilikuwa napita sokoni kichwa juu.

Aliyeniletea machicha alikuwa mtu mmoja wa Gahanga, mrefu, mwembamba, umri wa kaka yangu mkubwa, Mkatoliki wa rozari shingoni. Mimi nilimwita kaka, yeye aliniita mama ingawa hakuwa mdogo kwangu, maana ndivyo walivyoitana watu wa heshima. Alikuwa na baiskeli nyeusi ambayo madigadi yake ya nyuma ililegea, na kila alipopita kwenye mawe ilipiga ka-ka-ka, ka-ka-ka. Nilimwambia mara mia aikaze. Akanijibu, "Nikiikaza, kondoo watajuaje kama chakula iko njiani?" Na kweli. Alipokuwa bado kule chini kwenye kona, wao walishasikia, wakakimbilia mlangoni wakisukumana, wakilia kama watoto wa shule walioona maandazi. Sijawahi kuona mtu anayepokelewa vile, na yeye alifurahi. Alikuwa akishuka anawasalimia mmoja mmoja kwa Kinyarwanda, anawauliza habari za nyumbani.

Kabla ya machicha alikuwa mpishi wa shule. Vita vilipoanza kule kaskazini mwaka wa tisini, askari walimchukua nyumbani kwake mwezi ule ule wa kumi. Kitambulisho chake kiliandikwa Mtutsi. Enzi zile kila kitambulisho kilikuwa na mstari wa kabila, na mtu wa mstari wake aliitwa icyitso, yaani mshirika wa adui, hata kama maisha yake yote ameyamalizia kwenye sufuria za maharage. Walimweka ndani miezi. Alipotoka alikuwa amepungukiwa meno mawili, na shuleni hawakumtaka tena. Sikumuuliza ya huko ndani wala yeye hakusimulia. Nilichokiona ni kwamba akija kwangu kunywa chai hakuwahi kuupa mlango mgongo. Nikimpa kigoda hapa, yeye anakihamishia kule, anaangalia njia.

Basi miaka ile barabara zilijaa bariyeri. Mti umelazwa, au kamba yenye vitambaa, au matofali tu, na watu wamesimama. Mwanzo ni askari. Baadaye, mwaka wa tisini na tatu, wakaongezeka vijana wa chama cha rais, na watu wazima pia, wakazi wa mtaani, wamejipa kazi ya kuwasaidia askari kuangalia nani anapita. Kati ya Gahanga na kwangu zilikuwa tatu. Mbaya zaidi ilikuwa ile ya bondeni, kabla ya kupanda kuja kwetu. Pale alikaa fundi redio mmoja wa kofia ya sufu, ambaye mimi namfahamu vizuri. Alishawahi kunitengenezea redio yangu, akakataa hata chai, akaniambia, "Wewe ni mama yetu." Alikuwa mtu wa adabu sana. Salamu yake ilikuwa ndefu kuliko safari.

Na kaka yangu yule alikuwa akipita bariyeri zote tatu kila siku bila mtu kumuuliza kitu. Alinieleza siri yake akicheka, mkono umeziba pale penye pengo la meno. Gunia la machicha linavuja. Maji yake ya kahawia yanatiririka kwenye gurudumu, yananuka, nzi wanafuata. Askari hataki kuchafua mkono wake humo. Anapofika wanapiga kelele, "Pita, pita, toa uvundo wako hapa!" Fundi redio alikuwa akimtania, "Umelewa tena asubuhi hii?" Naye anaitika kama mjinga, anayumba kidogo juu ya baiskeli ili wacheke, anapita.

"Gunia ndiyo kitambulisho yangu, mama," aliniambia. "Ile ingine inakaa tu mfukoni."

Mimi nikacheka pamoja naye. Nilidhani ni mzaha. Hapana, wacha niseme sawasawa: nilijua si mzaha wote, lakini nilikuwa na kondoo kumi na mmoja uani na akili yangu ilikuwa kwao.

Sasa nifike kwenye Ramadhani ya mwaka wa tisini na nne. Nasimulia ya kabla ya Aprili. Ya Aprili yamesimuliwa na wengi na mimi sina pumzi nayo, lakini sisi tulioishi mjini tunajua kwamba Aprili haikuanza Aprili.

Nyuma ya ua wangu aliishi jirani, mke wa mwalimu wa madrasa, mama mwenye ulimi kama wembe mpya. Yeye na mimi tulikuwa tunagombana tangu enzi ya mume wangu: maji ya mtaro, kuku, kivuli cha mti. Machicha yalimpa vita vipya. Akanibandika jina mtaani, mama wa kondoo walevi. Mteja mmoja wa Sikukuu iliyopita alinirudishia neno hilo hilo usoni, akaenda kununua kwingine. Iliniuma, mpaka nikaenda kumuuliza sheikh. Sheikh alinisikiliza vizuri, akaniuliza machicha yanatolewa kabla au baada ya kugeuka pombe. Nikasema kabla. Akasema hakuna ubaya, ni nafaka. Kama moyo wangu una wasiwasi, niwape majani safi siku chache kabla ya kuchinja, basi.

Siku chache kabla ya kuchinja. Sheikh hakusema zaidi ya hapo, na Sikukuu ya Kuchinja ilikuwa bado miezi mitatu. Lakini mimi mtu akinigusa heshima yangu huwa sisikii. Nikajiapia kwamba mwezi mtukufu ukiandama, uani kwangu hapatanuka bia, na yule mama akija kunusa kwenye ukuta atanusa maua. Nilitaka kumfunga mdomo. Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yangu mwaka ule, Mungu anisamehe.

Siku moja kabla ya mfungo nikamwambia kaka, "Kuanzia kesho usilete machicha. Niletee majani kutoka kule bondeni kwenu Gahanga, mabichi, ya kutosha kondoo kumi na mmoja."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso kwa mlango, kikombe mkononi.

"Mwezi muzima?"

"Mwezi mzima."

Akafikiri. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Mama, naweza kubeba gunia moja ndogo tu juu ya majani? Nikifika hapa kwenye kona namwaga mtaroni. Kwako haitaingia."

Na mimi nikamjibu, na sauti yangu naisikia mpaka leo: "Mtaro huo unapita dirishani kwake yule mwanamke! Hata tone silitaki. Kwani majani yana ubaya gani?"

Akainamisha kichwa. "Hakuna ubaya," akasema. "Iko sawa."

Angenipigia kelele! Angesema, mama, watanikamata. Lakini watu walioshawahi kukaa ndani hujifunza kutoomba mara ya pili. Akamaliza chai, akashukuru, akawaaga kondoo, akaenda zake.

Siku za kwanza alifika. Alifika amechelewa. Mzigo wa majani ulikuwa mkubwa, umemfunika mpaka mabega, na mara mbili ulifika umefumuliwa na kufungwa upya ovyo ovyo, majani mengine yamebaki huko njiani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema wanatafuta. Wanatafuta nini kwenye majani? Akasema wanatafuta tu. Wanachomeka panga katikati ya mzigo, wanamuuliza ameyakata upande gani wa bonde, nani amemuona akiyakata, na mundu huu ni wa nini. Rangi yake ilikuwa imeshuka. Kondoo nao walimkimbilia kama kawaida kwa ile ka-ka-ka, wakanusa majani, wakamtazama usoni, wakasubiri gunia.

"Wamekasirika," akasema.

"Watazoea," nikasema mimi.

Wiki iliyofuata mji ukachafuka. Waliuawa wakubwa wa siasa, na siku hizo maduka yalifungwa, watu wakikimbia huku na huku, na jioni ulisikia milio ya risasi upande wa Gikondo. Yeye hakuja siku tatu. Nikawapa kondoo maganda ya ndizi na matawi ya mti. Hata hapo sikusema, rudisha machicha. Nilisema moyoni, zimebaki wiki mbili na kitu. Nilikuwa nahesabu kama mtu anayeshindana, na aliyeshindana naye alikuwa jirani mwenye pua.

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa napepeta mchele wa futari. Mlango wa ua ukagongwa kwa kiganja. Nani? Yule yule mke wa mwalimu. Ushungi umemwanguka mabegani, anahema. Nikajiandaa kwa matusi.

"Mtu wako wa majani," akasema, "wamemkalisha chini bondeni. Amevuliwa viatu."

Ungo ukaniponyoka. Nilijua hapo hapo ni kosa la nani, hakuna aliyehitaji kuniambia. Na bado, ona akili yangu ilivyokwenda: nilifikiria kitu cha thamani nilichonacho. Nikaingia bandani, nikamfunga kamba dume wangu bora, mweupe mwenye doa jeusi jichoni, wa miezi minane anayeonekana wa mwaka na nusu, yule niliyekuwa nikiringa naye mji mzima. Nikamburuta barabarani. Nilisema nitawapa huyu, watamwachia. Nani atakataa kondoo kama huyu?

Nikashuka mlima nusu nakimbia, mnyama ananivuta. Nikamuona kwa mbali. Alikuwa amekaa ardhini kando ya bariyeri, miguu mitupu imenyooshwa mbele, mikono kichwani. Baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta. Mzigo wa majani umetawanywa wote barabarani. Alikuwa amegeuzwa mgongo kwenye njia, ameelekezwa ukutani, na najua hicho ndicho kilichomtesa kuliko vyote. Kitambulisho chake alikishika askari, anakipigapiga kwenye paja.

Nikasalimia. Fundi redio akaitika kwa adabu yake yote, akaniuliza hali, akaniuliza mfungo, akasema jua la leo kali kwa mtu aliyefunga. Nikasema, "Huyu ni mtu wangu. Majani ni ya kwangu. Ni mimi niliyemwagiza. Chukueni huyu kondoo, mle, mumwache."

Walitazamana. Kisha wakacheka, na ulikuwa mcheko wa kweli, wa watu waliofurahishwa.

"Kondoo?" akasema askari. "Mama, sisi ni watu ya kula kondoo?"

Yarabi! Mimi niliyejenga maisha yangu yote juu ya neno hilo, kwamba wao hawali kondoo. Nilinunua kwa sababu hiyo, nikanenepesha kwa sababu hiyo, na siku ya kuhitaji kuikumbuka nikaisahau. Nikabaki nimeshika kamba na dume wangu anachuma majani yaliyomwagika miguuni mwao.

Fundi redio akanihurumia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo sauti yake ilivyokuwa. "Mama, rudisha mnyama wako," akasema. "Hawa watu tangu asubuhi iko kwenye jua. Lete bia. Kreti moja, ya baridi. Tutaongea."

Kaka hakugeuka. Lakini alisikia sauti yangu, na akasema kwa Kiswahili, kwa upole, kuelekea ule ukuta, "Mama, usijisumbue, umefunga." Askari akamgusa ubavuni kwa ncha ya kiatu.

Nikapanda mlima. Kamba niliiachia pale pale, dume akanifuata mwenyewe. Baa iliyo karibu ilikuwa mpakani mwa mtaa wetu, ya mama mmoja Mkatoliki. Nimepita mbele yake miaka yote nimegeuza uso. Nikafika mlangoni nikasimama.

Nikasimama! Hili ndilo ninalolisema hapa kwa mara ya kwanza, na watoto wangu watalisikia pamoja nanyi. Mtu amekaa ardhini bila viatu, na mimi nimesimama nje ya baa katika Ramadhani, ushungi kichwani, natazama huku na huku nione nani ananiona. Nilitafuta mtu wa kumtuma. Akapita mwanamume mmoja, nikamwita, akajitia hamnazo. Akapita mwingine, namfahamu, ni wa msikitini, nikajifanya natengeneza kiatu mpaka apite. Muda wa chai kuchemka, hivi. Labda zaidi kidogo. Nilikuwa bado nalinda jina langu, jina la mama asiyenuka bia.

Aliyenitoa pale ni mke wa mwalimu. Alikuwa amenifuata kutoka nyumbani. Alinipita, akaingia baa mbele yangu, na sauti yake ile ya kugombania kuku ikaita, "Kreti moja, ya baridi, haraka!" Akatoka nayo ameishika upande mmoja. Mimi nikashika upande wa pili. Tukashuka hivyo barabara nzima, wanawake wawili wa ushungi na kreti ya bia katikati yetu, chupa zinagongana, mchana kweupe, watu wamesimama kwenye vibaraza na tasbihi mikononi. Sikuona aibu tena. Ilikuwa imekuja na kuondoka, na ilikuwa imechukua muda wake.

Tulipofika bondeni askari walikuwa wameketi juu ya majani yetu, wameyakusanya vizuri yawe laini. Baiskeli ilikuwa pale pale ukutani. Viatu vyake vilikuwepo, vimepangwa sambamba. Yeye hakuwepo.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Fundi redio alikuja kutupokea kreti, tusichoke. Akaiweka chini kivulini. "Asante sana, mama zangu," akasema. "Amekwenda."

"Amekwenda wapi?"

"Amekwenda na wengine. Gari ilipita." Akafungua chupa kwa meno. "Mungekuja kidogo mbele ya hapo."

Nilianza kupiga kelele. Nilisema bia nimeleta, mmesema tutaongea, mtu wangu yuko wapi. Yule askari akainua macho polepole, akaniuliza, "Na wewe mama, kitambulisho yako iko wapi?" Jirani akanifinya mkono mpaka kucha zikaingia. Nikanyamaza. Siwezi kusema nilinyamaza kwa sababu ya watoto wangu, ingawa nao nilikuwa nao. Niliogopa, basi.

"Kuhusu chupa usijali," fundi redio akatuambia tukiondoka. "Zitarudi zote."

Tukapanda mlima. Magharibi ilipoadhiniwa nilifuturu kwa maji, nikakaa na kikombe mkononi, na kigoda chake kilikuwa pale pale alipokihamishia mara ya mwisho, kimeangalia mlango. Jirani alikaa nami. Kabla ya kwenda kwake akasema, "Ile harufu haikuwa ikinisumbua kiasi hicho." Nilitamani kumpiga, nilitamani kumkumbatia. Nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Asubuhi nikavaa. Nilikuwa naenda Gahanga kumwambia mkewe, na nilikuwa nimekaa kitandani najaribu neno la kwanza, kila ninalolishika linakataa. Nimwambie nini? Kwamba mumeo aliniomba gunia moja dogo nikamnyima kwa sababu ya dirisha la jirani? Nilivaa kiatu cha mguu wa kulia. Cha kushoto nilikuwa nacho mkononi.

Ndipo nikasikia ka-ka-ka, ka-ka-ka, kule chini kwenye kona.

Kondoo walisikia kabla yangu. Wote kumi na mmoja walikwisha kukimbilia mlangoni, wanapandiana, wanalia. Na mimi nikakimbia, kiatu kimoja, nasema alhamdulillah, alhamdulillah kwa sauti, machozi yananitoka, nasema nitamnunulia magunia kumi, nitalala juu ya machicha, na Biryogo nzima inuke. Nikawasukuma kondoo kwa magoti, nikafungua komeo.

Alikuwa fundi redio. Ameshuka kwenye baiskeli, ameishikilia kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine anavua kofia yake ya sufu kunisalimia. Nyuma, kwenye kile chuma kaka alipokuwa akifungia gunia, na kwa mpira ule ule mweusi wa gunia, fundi alikuwa amefunga kreti ya chupa tupu.

"Umeamka salama, mama? Nimeleta chupa zako," akasema. "Ziko zote, hakuna iliyovunjika."

Kondoo walimpita miguuni, wakainua vichwa kwenye kreti, wakaanza kulamba midomo ya chupa. Akacheka kidogo, akawasogeza kwa upole asije akawaumiza, akafungua ule mpira na kunikabidhi kreti mikononi.

Nikaipokea. Nikasema asante.